Datsun 240Z iliyolala miaka tisa: mipira ya vakyumu, nyaya, na pa kuanzia

Swali kwa ufupi: Msomaji wa Nakuru amenunua Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani wa kulia, kabureta mbili za vichwa vya mviringo. Gari lilikaa ghalani miaka tisa. Injini hushika stata ikizunguka, lakini mara nyingi huzima ufunguo ukiachiwa. Ikikubali kuendelea, silensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inakaa mizunguko 1,800 kwa dakika na haishuki. Breki ni ngumu kama jiwe. Taa kubwa ni za manjano hafifu, kisanduku cha fyuzi kinanuka plastiki iliyoungua, na ndani ya gari kuna harufu ya petroli. Chini ya boneti kuna mipira iliyozibwa kwa bolti na nyaya za rangi zisizolingana. Fundi mmoja amemwambia afungue kabureta, mwingine amwambia ang'oe nyaya zote na kuweka mpya. Anauliza amsikilize nani.

Jibu:

Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili kwa sasa. Kabureta chafu haiwezi kufanya breki ziwe ngumu wala taa ziwe hafifu, na kung'oa nyaya zote kutakuachia gari lisilowaka kabisa pamoja na makosa mapya ambayo ni yako mwenyewe. Dalili nyingi ulizoandika zina mizizi miwili: hewa inaingia mahali isipotakiwa, na umeme haufiki unakotakiwa. Kwenye gari la umri huu, hitilafu nyingi za aina hii hazikutoka kiwandani. Zimeletwa na mikono iliyopita baadaye, kila mmoja akitibu dalili moja na kwenda zake. Kwa hiyo soma kwanza kazi ya mikono hiyo. Baada ya hapo fuata mpangilio huu bila kuuruka: umeme, kisha vakyumu (mvuto wa hewa unaotokana na injini), kisha taimingi (wakati wa kupiga cheche), na kabureta ziwe za mwisho.

Umeme unatangulia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni moto: una harufu ya petroli na harufu ya plastiki iliyoungua ndani ya gari moja, na hizo hazitakiwi kukutana. Ya pili ni kwamba cheche dhaifu na mchanganyiko mkavu hufanana sana kwa sikio. Ukitafuta uvujaji wa hewa kwenye injini yenye koili isiyopata volti za kutosha, utabadilisha mipira yote na bado itatetemeka.

Kabla ya kushika spana

Toa waya hasi wa betri. Piga picha kila upande wa injini, nyuma ya kisanduku cha fyuzi na chini ya dashibodi. Tafuta mchoro wa nyaya wa mwaka wa gari lako hasa; Nissan, watengenezaji wa Datsun, walibadilisha nyaya za 240Z mara kadhaa kati ya 1970 na 1973, na mchoro wa 1970 utakupotosha kwenye gari la 1972. Chora mwenyewe karatasi mbili, moja ya mipira na moja ya nyaya zilizoongezwa. Kila mpira upewe namba mbili, ya unakotoka na ya unakoishia. Usiokwenda popote uwekee alama ya kuuliza, usiukate bado.

Nyaya za nyongeza utazitambua kwa urahisi: rangi moja tupu ambapo kiwanda kilitumia rangi yenye mstari, tepu ya umeme inayonata mkononi, na viungo vya kusokota. Z ina sifa ya mbio za Safari Rally katika nchi yako. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1971, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia 1973, kwa hiyo si ajabu kukuta Z ya mtaani imefungwa spotilaiti na honi za rali ambazo umeme wake umeibwa kwenye waya wowote uliokuwa karibu. Fuata kila waya kama huo mpaka mwisho. Usiokuwa na kazi uondoe wote, usiukate katikati na kuacha mkia.

Angalia pia kama kuna aliyeongeza pampu ya petroli ya umeme. L24, yaani injini ya gari hili, ina pampu ya mekanika kwenye kichwa cha injini, nayo inatosha. Pampu ya umeme iliyoungwa moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo itaendelea kumwaga petroli hata injini ikizima baada ya ajali. Ikiwa utaibakiza, ipite kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayokatwa na swichi ya presha ya oili au swichi ya mgongano, na presha yake isizidi takribani 0.3 bar, la sivyo sindano za vyumba vya petroli zitashindwa kuziba.

Ethi, nyaya kubwa na amita

Safisha ncha za betri, kisha fuata waya hasi mpaka injini na mpaka bodi. Fungua kila kiungo cha ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari), piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena na paka grisi juu yake. Halafu pima, maana macho hayatoshi. Weka multimita kwenye volti za DC: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako azungushe stata huku waya wa koili umechomolewa. Usomaji usizidi 0.2. Rudia kwa bodi taa zikiwa zimewashwa, hapo 0.1 inatosha. Upande chanya, kutoka nguzo ya betri hadi nati ya stata wakati inazunguka, 0.5 ndiyo mwisho.

Ethi ya injini ikiwa mbovu, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopo ni kebo ya choki. Ikiwa kebo hiyo inapata joto unapowasha, au ganda lake limeyeyuka, umeshapata jibu bila mita.

Karibu na stata kuna waya wa fyuzi unaolinda mfumo mzima. Uminye kwa vidole urefu wake wote: ukiwa laini kama tambi au umevimba, umeshaungua ndani. Badilisha kwa waya wa fyuzi wa saizi ileile, kamwe si kwa waya wa kawaida. Fundi aliyeweka waya mnene mahali hapo ameigeuza gari yako yote kuwa fyuzi.

Sasa amita, ile saa ya dashibodi inayopima mkondo wa umeme. Kwenye 240Z, umeme wa oltaneta hupita ukuta wa injini, huenda nyuma ya dashibodi, hupita ndani ya amita na kurudi. Nati mbili za nyuma ya saa hiyo zikilegea, zinapata moto mahali usipoona. Zifikie, zikaze, na uangalie kama plastiki imebadilika rangi. Kila taa uliyoongeza upande wa betri inaongeza mzigo kwenye nati hizo, na ndiyo sababu wengi wenye Z huziunganisha nyaya hizo mbili kwa kiungo imara na kuweka voltimita badala yake. Si lazima, ila kwa gari litakalotembea usiku, napendelea hivyo.

Gari likiwaka na likikaa 2,000, betri isome kati ya 13.8 na 14.8. Ikipita 15, usikimbilie kununua regyuleta. Regyuleta ya 240Z ni kisanduku cha nje, na kinapopoteza ethi ya bodi yake hudhani volti ziko chini, kisha huiamuru oltaneta ichaji zaidi. Kipige msasa kwanza mahali kinapokaa.

Kwa nini inazima ukiachia ufunguo

Hili ndilo rahisi kuliko yote, ingawa limetesa wengi. Unapozungusha stata, koili hupewa umeme kwa njia ya mkato. Ukiachia ufunguo urudi kwenye nafasi ya kawaida, umeme hubadili njia na kupita kwenye rezista ya balasti, kile kipande cha kauri kilicho karibu na koili. Injini inayoshika wakati wa stata na kufa papo hapo inakuambia njia ya pili imekatika au inagusa na kuachia.

Njia hiyo ina vituo vinne: swichi ya ufunguo, mita ya mizunguko, rezista, koili. Kituo cha pili huwashangaza watu. Mita ya mizunguko ya 240Z inahesabu kwa kuhisi mkondo wa koili, maana yake umeme wa koili unapita kwenye kitanzi chake. Mtu aliyewahi kuchomoa mita hiyo ili kurekebisha taa ya dashibodi na kurudisha plagi kwa ulegevu, amekuachia injini inayozima kwenye matuta.

Pima hivi: ufunguo uwe kwenye nafasi ya kuwaka, stata haizunguki, na pointi za distributa zimegusana. Kabla ya rezista upate karibu volti za betri. Baada ya rezista, kwenye ncha chanya ya koili, upate takribani 6 hadi 8. Ukipata sifuri baada na 12 kabla, rezista imekufa. Ukipata sifuri kabla, rudi nyuma kuelekea mita ya mizunguko na swichi. Ukipata 12 pande zote mbili huku pointi zimegusana, kuna mtu ameiruka rezista kwa waya; koili itachemka na pointi zitaungua baada ya muda mfupi. Usiuache ufunguo kwenye nafasi hiyo zaidi ya dakika moja au mbili unapopima, kwa sababu hiyo hiyo ya joto.

Tukiwa hapo, pointi ziwe na nafasi ya 0.45 hadi 0.55 mm na plagi 0.8 mm. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, silinda ya 1 ikiwa mbele. Hakiki nyaya za plagi moja moja hata kama injini inawaka, maana nyaya mbili zilizobadilishana zitakupa mtetemo unaofanana kabisa na uvujaji wa vakyumu.

Taa kubwa na kisanduku cha fyuzi

Z hii haina rilei za taa kubwa. Mkondo wote unapita kwenye fyuzi na kwenye swichi ya usukani. Balbu mbili za wati 60 zinavuta takribani ampea 9, na njia hiyo sasa ina umri wa zaidi ya miaka 50. Balbu iliyotakiwa kupata 13.2 ikipata 11.5 hupoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wake, kwa hiyo manjano unayoyaona hayahitaji balbu kali zaidi. Balbu kali itavuta mkondo mwingi na kukamilisha kazi ya kuyeyusha.

Kisanduku cha fyuzi kiko kwenye konsoli ya kati. Washa taa zote, kisha pima volti kati ya ncha mbili za kila kishikio, fyuzi ikiwa mahali pake. Zaidi ya 0.1 ni kishikio kilicholegea au chenye kutu. Lakini ubaya mara nyingi uko nyuma, pale kishikio kilipounganishwa na waya kwa ribiti. Kutu ikiingia ndani ya ribiti, joto hupanda, plastiki hulainika, kishikio hulegea, joto huzidi. Kupiga msasa mbele hakufiki huko. Kisanduku kilichokwisha badilika umbo kitupe; vipo vipya vya fyuzi bapa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Z, na ukikosa, kisanduku chochote bora cha fyuzi bapa kitafanya kazi ukihamisha waya mmoja mmoja. Ukubwa wa fyuzi ubaki ule ulioandikwa kwenye kifuniko.

Kisha funga rilei mbili, moja ya ful na moja ya dim, zichukue umeme moja kwa moja betri kupitia fyuzi yao, waya wa 2.5 mm² kwenda kwenye balbu. Swichi ya usukani ibaki kuamuru rilei tu. Hapa kuna mtego. Seti nyingi za rilei zinazouzwa hudhani swichi inakata upande chanya. Kwenye Z hizi swichi ya ful na dim hukata upande wa ethi, kwa hiyo ukichomeka seti ya kawaida, taa zitafanya vituko. Pima kwanza kwenye soketi ya taa: ikiwa waya unaoshirikiwa na ful na dim una volti 12 taa zikiwashwa, mfumo wako unakata ethi, na koili za rilei zinatakiwa ziungwe kwa kufuata hilo.

Kwa viungo vyote, tumia tamino za kubana kwa koleo lake maalumu, si kwa plaizi, na mpira wa kusinyaa juu. Kulehemu kwa risasi si dhambi, ila risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu sehemu hiyo. Kwenye mtetemo hukatika pale ugumu unapoishia. Ukilehemu, shikilia waya pande zote mbili usitikisike.

Vakyumu: soma geji kwa mwinuko wa Nakuru

Unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya hewa, mabomba yanayotoa mchanganyiko kwenye kabureta kwenda kwenye silinda. Vitabu vitakuambia injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Usomaji hushuka takribani inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, na Nakuru iko karibu mita 1,850, kwa hiyo toa inchi 6. Kwako, 11 hadi 15 iliyotulia ni afya. Gari hilohilo likishuka Mombasa litasoma 18 bila mtu kuligusa. Watu wa nyanda za juu wamebadilisha gasketi nzima kwa kufuata namba ya Mombasa.

Tulivu lakini chini, tuseme 8: uvujaji, au taimingi iliyochelewa. Sindano inayopiga kwa mpigo uleule: vali ya silinda moja. Inayopanda na kushuka polepole: mchanganyiko.

Sasa jaribio la silensi yako ya 1,800. Hakikisha kebo ya choki imerudi kabisa. Legeza skrubu za silensi za kabureta zote mbili mpaka ziache kugusa, na usikie vipepeo (vibamba vinavyofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya kabureta) vinafunga. Injini ikizima au kushuka sana, hewa ilikuwa inapita kwenye kabureta na tatizo ni marekebisho. Ikibaki juu ya 1,000, hewa inaingia kwingine. Kisha, injini ikinguruma, chomoa mpira mwembamba unaokwenda kwenye distributa na uuzibe kwa kidole. Mizunguko ikishuka ghafla, mpira huo ulikuwa unapata mvuto wakati wa silensi, jambo ambalo halitakiwi. Tundu lake sahihi liko kwenye kabureta ya mbele, juu kidogo ya kipepeo, ili mvuto uanze tu unapokanyaga. Aliyeuhamishia kwenye manifoldi aliongeza taimingi wakati wote, na silensi ikapanda. Hili ni miongoni mwa makosa ya kawaida kabisa kwenye Z zilizopita mikononi mwa watu wengi, na kulirekebisha ni kazi ya dakika moja. Tahadhari tu: kama vipepeo vimefunguliwa mno, hata tundu sahihi litatoa mvuto.

Pima kiwambo cha distributa pia, ile ngozi ya ndani inayovutwa na vakyumu. Nyonya mpira kwa mdomo na uzibe kwa ulimi: bamba la pointi lizunguke kidogo na likae hapo. Ukiweza kuendelea kunyonya, kiwambo kimetoboka. Mvuto ukikaa lakini bamba halisogei, gololi zilizo chini ya bamba zimekwama au kishikio chao cha plastiki kimevunjika, ugonjwa unaojulikana wa distributa hizi.

Kisha chukua koleo la kubania mipira na ubane mmoja mmoja, ukitazama geji. Unaobadilisha usomaji ukiubana ndio wenye kisa. Orodha ya 240Z isiyo na vifaa vya hewa chafu vya Marekani ni fupi: mpira wa distributa, mpira wa busta ya breki (chombo kinachotumia vakyumu kusaidia mguu wako), mpira na vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili ndani ya manifoldi), na viziba vya matundu yasiyotumika kwenye bomba linalounganisha manifoldi mbili. Ikiwa gari liliingizwa kutoka Marekani, ongeza vali ya kuzuia milipuko ya ekzosi na mipira ya pampu ya hewa. Kiwambo cha vali hiyo kikitoboka hutoa uvujaji mkubwa ambao hauonekani kwa macho.

Busta. Breki ngumu na silensi ya juu kwa pamoja huielekezea kidole, lakini pima. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara 5, ishikilie chini, washa injini: pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, kagua mpira, kisha vali ya njia moja iliyo kwenye mstari wake. Puliza: hewa ipite kuelekea injini tu. Kama hivyo ni vizima na bado pedali ni ngumu, bana mpira wa busta. Mizunguko ikishuka, kiwambo cha busta kimepasuka. Angalia pia nyuma ya masta silinda. Mafuta ya breki yakivuja ndani ya busta huvutwa na injini na kutoka ekzosi kama moshi mweupe, huku kikombe kikipungua bila tone kuonekana chini. Usiendeshe gari hili barabarani mpaka hili limekwisha.

PCV iko chini ya bomba la kuunganisha. Ichomoe, itikise, ilie. Isiyolia imeganda. Ikiwa imeganda wazi, ni tundu kubwa la hewa. Ikiwa imeganda imefungwa, oili itatafuta pa kutokea kwenye sili.

Mipira mipya

Badilisha yote, kwa bei yake haina mjadala, ila mmoja kwa wakati na kwa kufuata njia ya ule wa zamani. Pima chuchu kwa vernia kabla ya kwenda dukani. Mpira wa busta kwa kawaida ni karibu 10 mm kwa ndani na lazima uwe wa vakyumu wenye nyuzi, kwa kuwa mwingine hunywea ukipata joto na kukuacha bila msaada wa breki. Silikoni inafaa kwa mpira wa distributa. Haifai kwa petroli wala kwa PCV: hupitisha mvuke wa petroli na huvimba kwa oili. Mpira wa dripu, ambao unaonekana kwenye magari mengi kuliko inavyostahili, huwa laini kama ulimi injini ikipata joto.

Tundu lisilotumika lizibwe kwa kifuniko cha mpira chenye klipu au kwa plagi ya nyuzi. Bolti ndani ya mpira hukata mpira kwa nyuzi zake, na baada ya mwaka una uvujaji uliofichwa ndani ya kitu kinachoonekana kimezibwa.

Pale ambapo hakuna mpira

Mipira ikishakuwa sawa na bado geji iko chini, tafuta kwenye gasketi na mihimili. Moshi ndio salama zaidi kama kuna gereji yenye mashine yake. Bila hiyo, tumia kipande cha mpira sikioni kusikiliza, na maji ya sabuni kwa chupa ya kupuliza. Mafundi wengi hupuliza dawa ya kabureta. Inafanya kazi, lakini ekzosi ya L24 iko upande uleule, chini kabisa ya manifoldi ya hewa. Ikiwa ya moto, unapulizia kiberiti.

Kwa sababu manifoldi zote mbili zinatumia gasketi moja, ndipo kwenye mtego mkubwa. Baadhi ya nati zina washa nene zinazokandamiza manifoldi ya hewa na ya ekzosi kwa pamoja, nusu huku nusu kule. Mtu akibadilisha moja ya manifoldi, au akiinyoosha kwa mashine, unene wa flenji hauwi sawa tena. Washa hulala upande, ekzosi inabanwa, hewa haibanwi. Utakaza mpaka studi ikatike na uvujaji utabaki palepale. Toa washa, weka rula juu ya flenji zote mbili, na ukiona tofauti, chonga washa ifuate. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, 15 hadi 25 Nm kwa nati za 8 mm. Studi ya mwisho nyuma, karibu na silinda ya 6, ndiyo hukatika. Iloweke kwa mafuta ya kupenya siku moja kabla.

Mihimili ya vipepeo nayo huliwa. Shika mkono wa kabureta, usukume juu na chini injini ikiwa kwenye silensi. Mizunguko ikibadilika, hewa inapita kando ya mhimili, na hilo ni la kuchongewa bushi mpya na fundi wa mashine, si la kurekebisha kwa skrubu.

Sasa kabureta

Jiandae kwa jambo litakalokutia shaka: ukiziba uvujaji wote, injini inaweza kunguruma vibaya kuliko mwanzo, nzito na yenye moshi mweusi. Ni dalili nzuri. Aliyekutangulia alikuwa ameongeza petroli ili kulingana na hewa ya ziada. Juu ya hilo, hewa ya Nakuru ni nyepesi, na kabureta iliyowekwa kwa Pwani huwa na petroli nyingi mno huko.

Inua kila pistoni na uiachie: ishuke taratibu na igonge chini kwa mlio. Weka oili nyepesi ya SAE 20 kwenye damperi. Nati ya mchanganyiko ipandishe mpaka juu, kisha ishushe mizunguko 2 na nusu kwa zote mbili kama mahali pa kuanzia. Kwa mwinuko wako huenda ukaishia juu zaidi ya hapo. Weka taimingi kwa kitabu cha toleo la gari lako, mpira wa distributa ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Tenganisha mikono ya kabureta, linganisha mvuto wa mbele na wa nyuma kwa mita ya hewa, au kwa mpira sikioni kama huna, kisha unganisha na ushushe silensi mpaka 750. Ya mbele inalisha silinda 1 hadi 3, ya nyuma 4 hadi 6, kwa hiyo plagi zitakuambia ipi imekosea: tatu nyeusi upande mmoja si bahati mbaya.

Harufu ya petroli

Hii haitoki chini ya boneti. Toa paneli ya plastiki ya pembeni nyuma, upande wa kulia wa sehemu ya mizigo. Ndani kuna tangi dogo la mvuke lenye mipira kadhaa inayokwenda kwenye tangi kubwa na kwenye shingo ya kujazia. Baada ya miaka hiyo yote mipira hiyo hupasuka kwenye pindo, na mvuke unaingia kabini moja kwa moja. Yote ibadilishwe kwa mpira wa petroli, pamoja na ule mnene wa shingo. Ya mstari mkuu chini ya gari ni 8 mm ya kwenda na 6 mm ya kurudi. Usisahau vipande vifupi vilivyo juu ya tangi, ambavyo havifikiki bila kulishusha. Ikiwa baada ya hapo harufu inabaki lakini ni ya ekzosi na huja ukiwa mwendoni, sili ya mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma zimekufa. Hewa inayozunguka nyuma ya gari hurudisha moshi ndani kupitia hapo.

Tembea kilomita 200 au 300 za mchana, zimamoto ikiwa karibu na kiti. Injini ikipoa, kaza tena nati za manifoldi, gusa nyuma ya kisanduku cha fyuzi baada ya nusu saa ya taa kubwa, na utoe plagi zote sita uzipange kwa mpangilio wa silinda kabla ya kugeuza skrubu yoyote tena.